Mguno wa Gurudumu la Kushoto

Velia aliyajua magari ya watu kwa masikio kabla hajayaona kwa macho. Angekuwa ndani ya nyumba yake ya magurudumu akimenya viazi, gari likapita juu ya tuta la mto, naye bila kuinua kichwa angesema: hilo beringi limekwisha, hilo kebo imelegea, hilo zima, ila dereva wake mpumbavu. Shule aliiona majira mawili tu ya baridi. Alichojua kusoma sawasawa ni namba zilizochongwa kwenye spana, kumi na tatu, kumi na saba, kumi na tisa, na hizo zilimtosha, maana hajaiona bado barua iliyofungua nati.

Masikio hayo aliyapata kwa kushika taa. Miaka arobaini na mmoja alichuchumaa kando ya mumewe akimmulikia chini ya nyumba za watu na mitambo ya watu, na mwenye kushika taa husikia kila kitu. Mume huyo jina lake halitajwi hapa. Kwetu Wasinti, watu wa kuhamahama, mtu akifa huachiwa jina lake aende nalo. Ukimwita umemrudisha, na akirudi usilie. Velia tangu Aprili ile aliyofiwa alimwita "yule wangu", nasi tumwite yule wake, inatosha.

Yule wake alikuwa fundi wa breki. Kazi ya kuwalisha ilikuwa bembea ya kuzunguka ya watoto, farasi wa mbao kumi na wawili na bata maji mmoja ambaye hakuna mtoto aliyewahi kumtaka, nao walihama nayo kutoka sikukuu ya kijiji hiki hadi ya kijiji kile, Mantova hadi Ferrara. Lakini heshima yake ilikuwa breki. Kabla ya Pasaka kila mwenye nyumba ya magurudumu katika bonde la mto Po alimjia, kwa maana nyumba inayovutwa haina subira: gari likisimama nayo isiposimama, inakuja kukuuliza kwa nini. Alitumia mkono wa kushoto, na dole gumba la mkono huo lilikuwa limekatika ncha. Akimaliza gurudumu, alikwaruza kwa msumari ndani ya dramu, lile sufuria la chuma linalozunguka pamoja na gurudumu, alama yake: mkia wa mbayuwayu, na vijistari vya kuhesabu mwezi. Kuandika hakujua. Alama hiyo ndiyo ilikuwa neno lake, na walioiona walilala usingizi mzuri.

Velia alitoroka naye akiwa na miaka kumi na saba, siku tatu kama inavyotakiwa, kisha wakarudi kuomba radhi kama inavyotakiwa. Walitorokea kwenye lori la kuazima lisilo na breki hata moja. Kwenye mteremko mmoja mkali alilisimamisha kwa gia na ukuta wa kanisa, akashuka, akautazama ukuta, akasema, "Sasa najua kazi nitakayofanya." Velia alipenda sana kuisimulia hiyo. Tangu Aprili hakuisimulia tena.

Yule wake alikufa kwa mapafu, hospitalini mjini. Daktari aliuliza kama alikuwa mchimba mawe. Hakuchimba mawe, alipuliza. Kila alipofungua dramu aliinama akapuliza vumbi la breki kwa mdomo wake, fuu, likamrudia usoni jeusi, na Velia na taa yake akasema tumia kitambaa chenye maji, na yeye akasema vitambaa ni vya wanawake. Miaka arobaini na mmoja. Majira ya baridi ya mwisho, kila alipotaka kuinuka kitini alitoa mguno mrefu wa chini, kama mlango mzito unaofunguliwa na mtu asiyetaka kuingia, na akishasimama alikohoa mara moja tu. Kho. Kisha akatembea.

Baada ya mazishi mambo yalifanywa yanavyofanywa. Nguo zake zilichomwa, na kiti, na godoro la upande wake. Vifaa vyake vilitupwa mtoni Po kutoka darajani, kimoja kimoja, spana ya kumi na tisa ikawa ya mwisho. Boga, alilolipenda kuliko nyama, likaachwa; Velia hakulila tena wala ukoo wake, na vuli kule bondeni kila dirisha la watu wa majumba, wale wasiohama, lina boga linalokutazama. Ilibaki nyumba.

"Ichomwe," alisema Tarcisio, mdogo wa marehemu.

"Nyumba niliinunua mimi kwa bangili za mama yangu," alijibu Velia. "Yeye alikuwa mgeni wangu miaka kumi na tisa."

"Alilala humo."

"Hata kwako alilala, mara ngapi, akiwa amelewa. Anza na yako."

"Shemeji, usinichezee shere."

"Tena hakufia humu. Alifia kwa watu wa majumba. Waambie wachome hospitali."

Tarcisio alikuwa pande la mtu mwenye masharubu, asiyeogopa chochote kinachotembea, na akiogopa vyote vingine. Alivaa kofia. "Haya. Akitulia, nyumba ni yako. Akirudi, unajua mwenyewe." Familia tatu zilizokuwa zikisafiri pamoja zilisikia, zikakubali.

Alitulia miezi sita.

Mwisho wa Oktoba walikuwa wakirudi kutoka sikukuu ya mwisho, kwenda kwenye kiwanja chao cha majira ya baridi chini ya tuta la mto. Ukungu ulikuwa ule wa bonde la Po, unaokufanya uushike mkono wako mwenyewe kuhakikisha ni wako. Velia alikuwa kwenye usukani, nyumba nyuma yake, na nyuma ya nyumba Tarcisio na lori lake. Walipoanza kuteremka tuta alikanyaga breki taratibu.

Nyuma yake kitu kikaguna. Mrefu, wa chini, wa kuchoka. Gari liliposimama, ukakatika, kikafuata kikohozi kimoja.

Velia alikaa mikono ikiwa juu ya usukani. Mguno huo alikuwa ameusikia kila asubuhi ya majira ya baridi yaliyopita, na hakuna mtu duniani aliyeujua kuliko yeye. Akauondoa mguu kwenye breki. Gari likasogea hatua tatu. Akakanyaga tena. Ukaja tena, vilevile, na kikohozi mwishoni.

Tarcisio alitokea kwenye ukungu, kofia mkononi.

"Umesikia?"

"Nimesikia breki."

"Breki."

"Ndiyo, breki. Wewe ulisikia nini, malaika?"

"Nimemsikia kaka yangu," alisema Tarcisio, na hakulisema kwa ubaya.

Siku mbili baadaye kila mtu kiwanjani alikuwa amekwisha kuusikia. Olimpia, mkewe Tarcisio, alijitolea kusimama ndani ya nyumba ikivutwa, apate kujua sauti inatoka wapi. Alitoka bila rangi usoni. "Dada," alimwambia Velia, "inatoka kitandani. Upande wa ukutani. Upande wake."

"Chini ya upande huo kuna gurudumu la kushoto," alisema Velia. "Chuma hubeba sauti kama mbea abebavyo habari. Wewe hilo ungelijua kuliko wengine."

"Lisemwalo lipo."

"Na mwenye kelele hana neno. Tumebaki sawa."

Lakini jioni, wenzake walipokaa kuuzunguka moto, hakuna aliyecheka. Tarcisio alisema kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko makelele, kwamba siku ya Mtakatifu Martino, tarehe kumi na moja Novemba, siku ambayo wakulima wa bondeni huhama mashamba na vitanda vyao, nyumba hiyo nayo ihame. Ichomwe. Mtu amekuja kuomba chake. Atanyimwa mpaka lini?

Velia alisimama. "Kwa wafu wangu," alisema, na watu wakanyamaza, kwa sababu kwa kiapo hicho Msinti hadanganyi hata akishikiwa kisu. "Nitafungua breki. Nikikuta sababu ya chuma, nitaiweka juu ya meza ya Olimpia muione wote, na nyumba itabaki. Nisipoikuta, msihangaike. Kiberiti nitawasha mimi mwenyewe."

"Kwa vifaa gani?" aliuliza Tarcisio. "Vyake viko mtoni."

"Kwa vyako. Havijawahi kutumika, vitakuwa vikali bado."

Hapo walicheka kidogo.

Tarehe kumi asubuhi ukungu ulikuwa umelala chini kama maziwa yaliyomwagika. Velia alifunga kitambaa kichwani, akamwambia Tarcisio aendeshe gari pole pole kuzunguka kiwanja, akanyage breki kila Velia atakapopiga bati la nyumba kofi. Yeye alitembea kando, kiganja kwenye ubavu wa nyumba. Hakuona gari lililokuwa mbele; aliona ukuta mweupe wa nyumba yake ukitembea wenyewe, na tairi likizunguka miguuni pake. Akapiga kofi. Mguno ukaja, ukampitia kiganjani, ukapanda mkono hadi kwenye meno.

Akazunguka upande wa kulia, akapiga kofi. Kulia kimya. Mguno ulitoka ng'ambo.

Baada ya mizunguko sita alishika madramu yote mawili kwa mgongo wa mkono. La kulia lilikuwa vuguvugu kama mkate wa jana. La kushoto lilimchoma, na lilinuka harufu ya nywele zinazoungua. Vizuri, alijisemea. Mizimu haichomi mkono. Lakini alipojisemea hivyo alijikuta akitazama nyuma, na nyuma kulikuwa na ukungu tu.

Akapiga jeki upande wa kushoto, akaweka magogo chini ya ekseli, akafungua hendibreki. Alilizungusha gurudumu kwa mkono, sikio karibu na chuma. Lilizunguka, likaguna kidogo kila lilipopita mahali pamoja, kama anayeota. Akavuta hendibreki jino moja, akazungusha tena: mguno ukanenepa. Beringi halijali hendibreki. Basi si beringi. Ni breki yenyewe. Hilo alilijua kwa uhakika kama jina la mama yake.

Alimtuma Tarcisio aende akanywe kahawa. Mtu anayeogopa hashiki taa vizuri.

Gurudumu lilitoka. Dramu lilikataa. Akaingiza bisibisi kwenye kijitundu cha nyuma, akalegeza kirekebishio jino baada ya jino, akagonga ukingo wa dramu kwa nyundo ya mbao, huku na huku, bila hasira. Lilipoachia lilitoa pumzi. Vumbi jeusi lilikuwa limejaa ndani kama masizi ya bomba la moshi. Velia alijifunga kitambaa puani, akapangusa kwa kitambaa chenye maji, polepole, hakuacha hata chembe iruke. Kazi hii aliitazama miaka arobaini na mmoja. Sasa tu aliifanya, na aliifanya vizuri kuliko yule wake, akatamani angekuwepo aambiwe hivyo.

Viatu viwili vya breki vilikaa mbele yake, vyuma viwili vilivyopinda kama mwezi mchanga, kila kimoja kimebandikwa bitana ngumu inayobana dramu. Kimoja bitana yake fupi, kingine ndefu. Kifupi hukaa mbele, kirefu nyuma. Hilo hata bata maji wa bembea analijua. Hapa kirefu kilikuwa mbele. Bitana yake imeungua na kung'aa kama kioo, ndiyo iliyoguna. Na springi ya juu ilikuwa imekamatishwa kwenye tundu lisilo lake, imevutika mpaka imepasuka nusu. Kiatu kilichelewa kurudi, kikirudi kikapiga bati. Kho.

"Mpumbavu gani huyu," alisema Velia kwa sauti, akaisogeza taa.

Kwenye bati la nyuma, katika grisi iliyokauka, palikuwa na alama ya dole gumba. Pana, limekatika ncha.

Hakusogea. Baadaye alilibinua dramu na kumulika ndani. Mkia wa mbayuwayu, na vijistari vitatu. Mwezi wa tatu. Mkia ulikuwa umepinda. Msumari uliteleza mara mbili.

Akaikumbuka siku hiyo. Alikuwa amekwenda mjini kumfuatia dawa. Aliporudi alimkuta amekaa kwenye ngazi ya mlango, mikono imeoshwa, midomo ya buluu, na akamwuliza umefanya nini, naye akasema sijafanya kitu, mwanamke, nimekaa tu kutazama mto. Daktari alikuwa amemkataza kuinama. Basi aliinama. Peke yake, bila taa, bila mtu wa kumwambia hapo umegeuza. Gurudumu moja tu liliishinda nguvu yake. La kulia hakuligusa.

Velia alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Sababu ya chuma ameipata. Aiweke mezani, nyumba yake inabaki. Na kufika Krismasi bonde zima litajua kwamba mkono ule ulikosea, na nyumba thelathini zilizofungwa breki na mkono huo miaka ya mwisho zitafunguliwa moja moja, na kila mwanamume atachungulia mkia wa mbayuwayu kama anayechungulia maziwa yaliyochacha. Afunge dramu anyamaze, jina la yule wake linabaki safi. Na kesho anawasha kiberiti. Kudanganya haiwezekani. Aliapa kwa wafu wake, na mfu wa kwanza katika hesabu alikuwa yule mwenye dole gumba.

Bangili za mama yake. Miaka kumi na tisa. Pazia la dirisha la nyuma alilishona mwenyewe.

"Kimya kimekuwa kirefu," ilisema sauti ya Tarcisio kwenye ukungu. "Nikasema nije nione kama amekuchukua."

"Angenichukua angenirudisha kesho. Njoo."

Tarcisio alichuchumaa. Hakuwa fundi, lakini alikua katika nyumba ya mafundi, na kifupi na kirefu alivijua. Alitazama viatu. Akatazama springi. Kisha akaiona ile alama kwenye grisi, na Velia akamwona akiinua dole gumba lake mwenyewe, zima, na kuliweka juu ya lile, polepole, kama mtu anayefunga jicho la aliyekufa. Alipoliondoa, alipangusa grisi yote kwa mkono wa koti lake la Jumapili.

Akalivuta dramu, akalibinua.

"Dramu lina kutu," alisema.

"Halina."

"Lina, shemeji. Nipe msasa."

Velia alimpa. Alishika taa, kama alivyozoea, na Tarcisio alisugua. Alisugua mkia wa mbayuwayu mpaka ukafifia, na vijistari vitatu kimoja kimoja, jasho likimtoka kwenye baridi ile. Msasa ulikwaruza, na ukungu ukarudisha sauti kutoka upande wa mto, kama kuna mwingine kule anasugua chake. Wote wawili waliisikia. Hakuna aliyeitaja. Chuma kilipokuwa cheupe kabisa, Tarcisio aliinama, akajaza mashavu apulize vumbi.

Velia alimziba mdomo kwa kiganja. "Kitambaa," alisema.

Saa tisa alasiri viatu viwili na springi iliyopasuka vilikuwa juu ya meza ya Olimpia, juu ya gazeti. Watu walisimama mpaka nje ya mlango. Velia aliwaonyesha: hiki kilikuwa hapa, kilitakiwa kuwa pale; hiki kiliguna, hiki kilikohoa. Aliigiza kwa kukwaruza bitana kwenye chungu cha chuma, na chungu kikaguna, na mwanamke mmoja akafanya ishara ya msalaba.

"Na nani aliyevifunga hivi?" aliuliza mzee mmoja kutoka nyumba ya tatu.

Velia alifungua kinywa.

"Mimi," alisema Tarcisio. "Mwezi wa tatu. Kaka alikaa ngazini akiniongoza, hakuweza kuinama. Alinielekeza vizuri. Mimi nikageuza."

Olimpia akamgeukia: "Wewe? Wewe balbu ikiungua unaniita mimi."

"Ndiyo maana ikaguna."

"Masharubu yote hayo, hajui mbele wala nyuma."

"Nyingine ulizofunga ni zipi?" aliuliza mzee, kwa wasiwasi wa kweli.

"Hiyo tu. Alinifukuza."

Wakacheka mpaka gazeti likatikisika mezani. Kabla ya giza alikuwa amekwisha kupewa jina, Mbele-Nyuma, na ndilo analoitwa hadi leo. Hata wajukuu zake wanamwita hivyo. Mtu aliyejivuna miaka hamsini na nane alikaa katikati ya kicheko hicho, amekunja mikono, hakumtazama Velia hata mara moja. Yeye hakuwa ameapa kitu.

Nyumba ikabaki.

Asubuhi ya Mtakatifu Martino ilikuwa bado juu ya magogo, pande zote mbili. Velia alikuwa ametoa na gurudumu la kulia, kwa maana breki hufanywa mbili mbili au haifanywi. Madramu yote mawili yalikuwa nje, yamelala kifudifudi juu ya gunia. Viatu vilikuwa bado mezani kwa Olimpia; springi mbovu Velia alikuwa amerudi nayo. Chini ya nyumba palikuwa na ekseli tupu tu, na magogo, na ukungu ukipita katikati yake bila kugusa kitu. Tarcisio angekwenda mjini duka litakapofunguliwa, kununua springi na bitana mpya.

Velia alikuwa ndani akiweka kahawa motoni. Birika halijaanza kuchemka. Upepo hapakuwa nao. Hata mto haukusikika.

Sakafu ikaguna.

Upande wa ukutani. Mrefu, wa chini, wa kuchoka, wa mtu anayeinuka kwenye kiti ambacho hakipo tena. Nyumba haikutikisika. Kikombe kilichokuwa kwenye msumari hakikugonga kingine. Mguno ukafika mwisho wake, ukakatika, kukawa na nafasi ile ile fupi ambayo Velia aliijua, ambayo kila asubuhi alingoja iishe.

Kho.

Alisubiri hatua. Hazikuja.

Alikwenda dirishani, akalisogeza pazia. Tarcisio alikuwa amesimama hatua nne kutoka ngazini. Alikuja kuchukua springi mbovu apate kuilinganisha dukani. Kofia alikuwa amekwisha kuivua. Kati yao, juu ya gunia, madramu mawili yalikuwa yamelala, yamefunikwa umande, hakuna aliyeyagusa.

Velia alifungua mlango.

"Umesikia nini?" alimwuliza.

Tarcisio aliyatazama madramu. Akaizungusha kofia mikononi kwa ukingo, mzunguko mzima, na wa pili.

"Breki," alisema.

"Breki," alisema Velia.

Alimtolea kahawa. Kabla ya kumpa, alishuka ngazi, akazunguka upande wa kushoto, akamwaga kidogo chini, karibu na ekseli, kama inavyofanywa kwa wafu. Tarcisio wakati huo alikuwa akiutazama ukungu kana kwamba kuna mtu anayemtarajia. Kisha akanywa yake kwa mafunda matatu, akatia springi mfukoni, akaenda mjini; na saa nne bitana mpya zilikuwa zimefika, kifupi mbele, kirefu nyuma, na Velia alizifunga mwenyewe, akarekebisha mpaka gurudumu likashika, akalegeza jino moja likazunguka huru. Ndani ya dramu hakukwaruza alama yoyote.

Bado anaishi humo. Kila mwaka kabla ya Pasaka watu humletea breki zao, na yeye hupangusa kwa kitambaa chenye maji, na anayejaribu kupuliza hupigwa kofi, hata awe na mvi. Barabarani nyumba yake haijaguna tena. Kama huguna inapokuwa imesimama, hakuna aliyemwuliza, naye hajaapa.